Sahihi Badala ya Kizimba

Mnamo Machi 2020, Noordin Haji, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, alitangaza kwamba benki tano hazingefikishwa kortini. KCB, Equity, Standard Chartered, Diamond Trust na Co-operative zilikubali kulipa jumla ya Ksh milioni 385 na kurekebisha taratibu zao. Naye akaahirisha kuzishtaki kuhusu pesa zilizodaiwa kuibwa kutoka Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, na kupitishwa kwenye akaunti zao. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Februari 2021, kampuni ya Camellia ya Uingereza, mwenye hisa mkuu wa kampuni ya kilimo ya Kakuzi, ilikubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza madai ya makumi ya watu waliosema walipigwa, walibakwa au walifiwa mikononi mwa walinzi wa shamba la Kakuzi huko Makuyu, Kaunti ya Murang'a. Kakuzi walikuwa wameyapinga madai hayo. Hakuna jaji aliyepata nafasi ya kusikiliza ushahidi hadi mwisho na kuamua nani alisema kweli.

Makubaliano ya kwanza ni ya kuahirisha mashtaka: kampuni inayotuhumiwa hutia sahihi, hulipa, huahidi kujirekebisha, na ikitimiza ahadi haishtakiwi tena. Ya pili ni ya kesi ya madai. Sheria inayatenga, lakini kwa mwananchi yote mawili yanaishia pamoja: jambo zito limemalizwa ofisini na watu waliotia sahihi, naye ameletewa habari likiwa limekwisha.

Meru na Embu zimo ndani ya mambo haya. Wakulima wengi wa majani chai wa Githongo, Imenti, Mungania na Rukuriri wana akaunti katika benki hizo tano, na watoto wao huenda Gilgil kufunzwa na NYS. Makuyu nako ni njiani. Matatu za Embu ziendazo Nairobi hupita hapo kila siku, na avokado na makadamia za Manyatta na Imenti zinauzwa katika soko lile lile la nje ambalo Kakuzi inauza.

Nimewapa hoja hizi watu wanne wa kubuni, kwa sababu hakuna sauti moja ninayoiamini kuzibeba zote kwa haki. Yupo wakili wa mahakama ya Embu. Yupo mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, kutoka Tigania. Yupo mama mkulima wa Runyenjes mwenye miti ya avokado na makadamia. Na yupo keshia wa benki mjini Meru, ambaye benki yake haina haja ya kutajwa. Mimi nitaingilia ninaposhindwa kunyamaza.

WAKILI: Nianze na jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Kesi kubwa ya ufisadi nchini mwetu haina mwisho unaoonekana. Kashfa ya Anglo Leasing ilifichuka mwaka 2004. Washtakiwa walipelekwa kortini mwaka 2015. Miaka 11! Mmoja wao alikuwa David Mwiraria, waziri wa fedha wa zamani na mbunge wa Imenti Kaskazini. Alifariki Aprili 2017 kabla ya hukumu. Sasa niambieni, nani alipata haki hapo?

MZEE: Mwiraria alikuwa mtu wetu, Wakili, na ninalisema hili kwa uchungu. Alikufa hajapatikana na hatia wala hajasafishwa. Jina lake limebaki vile lilivyoachwa na magazeti. Hata anayeamini kwamba alikosa hawezi kuonyesha hukumu, na anayeamini kwamba alionewa hana karatasi ya kuonyesha. Hapo umenishika.

WAKILI: Basi ndiyo maana nayatetea makubaliano, Mzee. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inaziambia mahakama ziendeleze upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 ina kifungu cha 56B, kinachoiruhusu EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kuafikiana na mtu nje ya kesi ya madai iwapo ataeleza ukweli wote na kurudisha alichochukua. Benki zilikubali kulipa bila kusubiri kesi. Kortini, mawakili wao wangetumia miaka kubishana tu juu ya iwapo hati ya mashtaka imeandikwa sawasawa.

KESHIA: Naomba kabla hatujaenda mbali mjue kosa lenyewe lilikuwa nini, kwa sababu mtaani watu husema benki ziliiba. Hazikutuhumiwa kuiba. Niwape mfano wa dirishani. Kampuni imesajiliwa majuzi. Akaunti yake imekaa na shilingi elfu kadhaa. Siku moja zinaingia milioni 40 kutoka serikalini, na kesho yake mwenye akaunti yuko mbele yangu na mkoba, anataka noti. Sheria ya utakatishaji fedha ya 2009 inanitaka nijue mtu huyu ni nani, biashara yake ni ipi, na kwa nini anataka taslimu badala ya kuwalipa wauzaji wake kwa hundi au kwa kuhamisha. Wakati ule, taslimu ikifikia dola 10,000 ilibidi iripotiwe kwa kituo cha serikali kinachopokea ripoti za fedha. Na nikiona dalili za shaka, naripoti hata kama kiasi ni kidogo.

MAMA: Na usiporipoti?

KESHIA: Hapo ndipo shida inapoanzia, Mama. Meneja ana lengo la amana la mwezi. Mteja wa milioni 40 hakasirishwi. Unaambiwa mhudumie, karatasi zitakuja. Zinapokuja ni fotokopi ya barua ya zabuni isiyosomeka vizuri, nayo inawekwa kwenye faili. Simsemi mtu, nasema jinsi kazi inavyoweza kumkalia mtu. Septemba 2018 Benki Kuu ilieleza waziwazi ilichokuta katika benki zile tano: miamala mikubwa ya taslimu haikuripotiwa, wateja hawakuchunguzwa vya kutosha, miamala mikubwa haikuwa na hati za kuithibitisha, na ripoti za shaka hazikupelekwa inavyotakiwa. Pesa za NYS zilizopita humo zilikuwa karibu Ksh bilioni 3.58. Benki Kuu ikazitoza faini za jumla ya Ksh milioni 392.5, kubwa kuliko zote ikiwa ya KCB, milioni 149.5.

MZEE: Kijana wangu, hebu nisaidie hesabu. Katika kila shilingi 100 zilizopita, faini ilikuwa ngapi?

KESHIA: Kama 11.

MZEE: Na benki ile kubwa ilipata faida gani?

KESHIA: KCB mwaka 2019 ilipata takriban Ksh bilioni 25 baada ya kodi.

MZEE: Kwa hiyo zile milioni 385 za makubaliano, za benki zote tano kwa pamoja, hazifiki hata shilingi 2 kwa kila 100 ya faida ya benki moja kwa mwaka mmoja. Wakili, hiyo ni adhabu au ni gharama ya biashara?

Niingie hapa. Swali la Mzee ni zuri, ila ukubwa wa faini si mahali ambapo ningelisimamisha. Benki ikitozwa mabilioni, wenye hisa watalipa, na katika benki zetu wenye hisa ni pamoja na walimu, wanachama wa vyama vya ushirika na mifuko ya wastaafu. Faini kubwa humuumiza pia asiyekuwepo dirishani siku ile. Nisichoweza kuvumilia ni kwamba mkulima wa Runyenjes, akitaka leo kujua ni nani alikosea nini, katika tawi gani, na benki iliahidi kufanya nini ili lisirudiwe, hatapata jibu katika tangazo lililosomwa mbele ya waandishi wa habari. Adhabu ndogo iliyoandikwa wazi hufundisha nchi. Kubwa iliyofungwa kabatini haifundishi mtu yeyote.

MZEE: Kwetu Nchiru, mtu hafiki kwenye kulipa kabla ya kufika kwenye kusema. Fahali au mbuzi huja baadaye. Kwanza anasimama mbele ya wazee, anaeleza alichofanya, aliyekosewa anamsikia, na asiyesema ukweli anajua kwamba kiapo kipo. Ukilipa bila kusema, umenunua kimya. Hizo karatasi za benki, Wakili, wewe umezisoma?

WAKILI: Nilisoma taarifa ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

MZEE: Nimekuuliza karatasi zenyewe.

WAKILI: Hapana, Mzee.

MZEE: Na wewe ni wakili. Sembuse mimi.

MAMA: Mzee, naiheshimu Njuri, na sote tunajua mwaka 1956 ilitangaza kupiga marufuku kukeketwa kwa wasichana. Lakini mwanamke haketi Njuri. Hata jambo lile la 1956, lililohusu miili yetu, lilizungumzwa na wanaume peke yao, na wasichana wengi wakakaidi na kujikata wenyewe. Kwa hiyo usiniambie kwamba kusema mbele ya watu wote ni haki kwa kila mtu. Katika madai ya Kakuzi kulikuwa na wanawake waliosema walibakwa. Unataka asimame barazani Makuyu aeleze, mama mkwe wake akisikiliza? Wangenyamaza wote. Kufichwa kwa majina yao ndiko kulikowapa ujasiri wa kudai.

MZEE: Sikusema aliyeumizwa aanikwe. Nilisema aliyeumiza aseme.

MAMA: Hayo ni mambo mawili, na makubaliano mengi huyafungia ndani ya siri moja. Siri inayonifunika mimi inamfunika na yeye.

Nimeyasoma maneno haya ya Mama mara kadhaa tangu niyaandike, kwa sababu yananihukumu mimi niliyesema juu kidogo kwamba kila kitu kiandikwe wazi. Yeye anaona kwa makini zaidi. Jina la aliyedhurika, kijiji chake, kiasi alicholipwa: hayo ni yake, na kampuni wala gazeti halina haki nayo. Kilichotendwa, utaratibu uliokiruhusu, na ahadi iliyotolewa: hayo ni ya umma. Wakili mzuri anaweza kuyatenga katika kurasa mbili tofauti.

WAKILI: Hilo limewahi kufanyika, na lilifanyika juu ya jambo la Afrika Mashariki. Makubaliano ya kwanza kabisa ya kuahirisha mashtaka nchini Uingereza yalihusu Tanzania. Serikali ya Tanzania ilikuwa ikitafuta mkopo wa dola milioni 600. Benki iliyoupanga, Standard Bank ya London, ilishirikiana na Stanbic Tanzania, na dola milioni 6 zikalipwa kwa kampuni ndogo ya Dar es Salaam ambayo mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Wafanyakazi wa Stanbic waliona pesa zile zikitolewa taslimu upesi upesi, wakashtuka, wakaripoti.

KESHIA: Hao ni wenzangu. Watu wa dirishani.

WAKILI: Ndio. Na benki yenyewe ikajipeleka kwa Ofisi ya Uingereza ya Kupambana na Ulaghai Mkubwa, SFO. Tarehe 30 Novemba 2015, Jaji Leveson aliyapitisha makubaliano hayo mahakamani. Sheria yao ya 2013 haimruhusu mwendesha mashtaka kumaliza jambo peke yake. Jaji lazima aridhike kwamba makubaliano ni ya haki na masharti yake yanalingana na kosa. Benki ililipa faini ya dola milioni 16.8, ikarudisha faida ya dola milioni 8.4, na ikailipa Tanzania karibu dola milioni 7, yaani zile 6 pamoja na riba. Maelezo ya yaliyotokea yalichapishwa, ukurasa kwa ukurasa, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Kampuni ya wakaguzi kutoka nje iliwekwa kupitia taratibu za benki za kuzuia hongo. Baada ya miaka 3, Novemba 2018, SFO ilitangaza kwamba masharti yametimizwa.

MZEE: Hapo sasa nimesikia kitu. Jaji yupo, maelezo yapo, aliyepotelewa amelipwa, na kuna siku ya kurudi kukagua.

MAMA: Na waliohusika?

WAKILI: Mama, hapo ndipo penye kidonda. Uingereza haikumshtaki mtu binafsi hata mmoja kwa jambo lile. Tanzania ndiyo iliyowashtaki watu, mwaka 2016, na kwa kuwa utakatishaji fedha haukuwa na dhamana huko, walikaa rumande kwa miaka.

MAMA: Kwa hiyo kampuni iliweka sahihi London ikaendelea na biashara, na watu wakalala rumande Dar es Salaam. Hizo ni sheria mbili.

Ni sheria mbili, na sidhani jibu ni kuipeleka kampuni rumande, kwa sababu kampuni haina mwili. Jibu ni kutoiruhusu sahihi ya kampuni iwafiche waliotoa amri. Makubaliano yaliyokamilika huilazimisha kampuni kukabidhi majina, barua pepe na kumbukumbu za vikao, ili mtu aliyesema "mhudumie, karatasi zitakuja" ajibu mwenyewe. Bila hilo, mwenye kulipa ni mwenye hisa, mwenye kufutwa kazi ni keshia, na mwenye kuamua hupandishwa cheo.

Kuhusu kurudi kukagua, nina hasira nako, na nitairuhusu isikike. Sisi Wakenya tunajua kutangaza. Sheria yetu ya Hongo ya 2016 inaitaka kila kampuni ya binafsi iwe na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa wake, na inamtaka mwenye madaraka anayejua au kushuku hongo aripoti ndani ya saa 24. Maneno mazito. Lakini mwaka ule wa 2020 benki zilipotia sahihi, hapakuwa na sheria ya Bunge iliyopanga makubaliano ya namna hii yapitishwe na nani, yachapishwe wapi, na yakaguliwe lini. Hapakuwa hata na sheria maalumu ya kumlinda keshia anayeripoti. Mkurugenzi alitumia mamlaka anayopewa na Katiba ya kuamua nani ashtakiwe. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mtu mmoja, ofisi moja, uamuzi wake mwenyewe. Februari 2024 Kenya ikawekwa katika orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalofuatilia utakatishaji fedha, pamoja na Namibia. Sisemi benki tano ndizo zilizotufikisha huko. Udhaifu uliotajwa ulikuwa wa mambo mengi. Nasema kwamba nchi iliyojifunza vizuri mwaka 2020 ingefika mwaka 2024 ikiwa na zaidi ya kuonyesha.

KESHIA: Niseme ukweli, baada ya 2018 mambo yalibadilika dirishani. Fomu zimeongezeka. Mafunzo yapo kila mwaka. Mzee wa kahawa akija kuchukua malipo yake ya mwaka anaulizwa pesa zimetoka wapi, na anakasirika, nami namwelewa.

MZEE: Nimewahi kuulizwa. Niliuza ng'ombe watatu.

KESHIA: Samahani, Mzee wangu. Lakini ndiyo tabia ya mambo haya. Masharti yakiandikwa bila jicho la nje, benki huyatekeleza mahali palipo rahisi. Ni rahisi kumhoji mwenye ng'ombe watatu. Ni vigumu kumhoji mwenye zabuni ya serikali. Mkaguzi kutoka nje angeniuliza, nionyeshe faili kumi za wateja wako wakubwa. Fomu za wazee zisingemshughulisha.

MAMA: Mimi nirudi Makuyu, maana hapo ndipo palipogusa mfuko wangu. Oktoba 2020 habari zilipotoka Uingereza, Tesco wakasimamisha kununua avokado za Kakuzi, na wengine wakafuata. Tuliogopa. Mnunuzi wa ng'ambo akiona neno Kenya karibu na neno damu, hatofautishi shamba kubwa na miti yangu. Kwa hiyo makubaliano yalipokuja haraka, ndani ya miezi, nilishukuru. Wakili, nakuunga mkono hapo. Kungoja kesi miaka 11 kungeua soko, na waliodai wangezeeka wakisubiri.

WAKILI: Na makubaliano yale hayakuwa ya pesa tu. Yalikuwa na barabara mpya za watu kupita, wasaidizi wa kuwatetea wanakijiji, na njia ya kupokea malalamiko. Kakuzi wakaunda kamati huru ya ushauri wa haki za binadamu iliyoongozwa na Githu Muigai, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, na mfumo wa malalamiko wenye jina SIKIKA.

MAMA: Mfumo huo ni wa nani?

WAKILI: Wa kampuni.

MAMA: Nilifikiri hivyo. Sasa mwanamke aliyepigwa na mlinzi anakwenda kulalamika kwa mwajiri wa mlinzi.

WAKILI: Lakini, Mama, kampuni inapaswa kuwa na mlango wake. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zake za 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu, unautaka mlango huo uwepo, ila uaminike, ufikike na usimzuie mtu kwenda kortini. Ukiufunga, yule mwenye malalamiko madogo, aliyezibiwa njia ya kuteka maji, hatakuwa na pa kwenda, maana hatapata mawakili wa London.

MAMA: Siufungi. Nataka mtu mwingine aketi hapo ndani. Mtu ambaye mshahara wake hautoki shambani. Na ripoti yake isomwe barazani kwa lugha tunayozungumza nyumbani, isiishie kwenye taarifa ya mwaka ya wenye hisa.

MZEE: Hilo hata Njuri ingeliweza.

MAMA: Njuri ikiwa na wanawake ndani yake, Mzee.

MZEE: Hilo ni la siku nyingine, lakini nimelisikia.

WAKILI: Bado hatujamaliza lako la kukiri, Mzee. Ukiilazimisha kampuni ikiri kosa, haitatia sahihi. Ikikiri leo, kesho kila mwenye madai anaibeba ile karatasi kortini, na kesho kutwa inazuiwa kuomba zabuni. Uingereza walipata njia ya katikati: kampuni hailazimiki kusema "nina hatia", lakini inakubali maelezo ya yaliyotokea, na ikivunja ahadi maelezo yale yale yanatumika dhidi yake.

MZEE: Inasema lilitokea, haisemi ni kosa?

WAKILI: Ndivyo.

MZEE: Nusu ya kiapo. Lakini ni zaidi ya tulichopewa sisi mwaka 2020, kwa hiyo siitupi. Niambie jambo moja. Mnasema mashtaka yameahirishwa. Yakiahirishwa maana yake yanaweza kurudi. Nionyeshe mahali ambapo yamewahi kurudi.

WAKILI: Boeing. Ndege yao ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi iliua watu 157, na Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Januari 2021 Marekani iliahirisha mashtaka ya ulaghai dhidi ya Boeing kuhusu ndege za aina ile kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5. Mei 2024 Wizara ya Sheria ikasema Boeing imevunja masharti. Mashtaka yakafufuka.

MZEE: Na yakafika wapi?

WAKILI: Boeing ikakubali kukiri kosa. Desemba 2024 jaji akayakataa makubaliano hayo ya kukiri. Mwaka 2025 serikali ikaja na makubaliano mengine, safari hii ya kutoshtaki kabisa, na Novemba jaji akaifuta kesi. Alisema hakubaliani kwamba kuifuta ni kwa manufaa ya umma, ila hakuwa na uwezo kisheria wa kukataa.

MAMA: Na familia za wale 32, waliulizwa mwaka 2021 kabla ya sahihi ya kwanza?

WAKILI: Hawakuulizwa, wao wala familia za wengine. Walijua yakiwa yameshatiwa sahihi. Wakaenda kortini wenyewe, na Oktoba 2022 jaji huyo huyo akaamua kwamba waliokufa ni waathiriwa wa uhalifu mbele ya sheria ya Marekani, hivyo jamaa zao walikuwa na haki ya kusikilizwa kabla.

MAMA: Basi anzia hapo siku utakapoandika muswada wa sheria ya makubaliano haya, Wakili. Kabla ya faini, kabla ya jaji, kabla ya mkaguzi. Andika kwamba hakuna sahihi mpaka walioumizwa waitwe.

WAKILI: Katika kesi ya benki, walioumizwa ni nani? Vijana wote wa NYS? Walipa kodi wote?

MAMA: Anza na vijana wa NYS. Wana kambi, wana orodha, wanajulikana walipo.

KESHIA: Na kama wakisema hapana?

WAKILI: Sijui kama ningewapa uwezo wa kukataa. Uwezo wa kusikilizwa, ndio. Wa kukataa, hapana. Mwendesha mashtaka angetekwa na hasira ya siku ile.

MZEE: Mimi ningewapa.